Nukta mbili zinavyoweza kufungua ghala zima

KATIKA ghala la mazao linaloendeshwa vizuri, karani wa mapokezi hapangi mzigo kwa kufuata maneno ya aliyeuleta. Gunia likifika na maandishi yanayosema "pelekeni ofisi ya mhasibu", karani mwenye akili timamu hulizuia mlangoni na kuuliza kwanza. Anajua kuwa mzigo wa mahindi mahali pake ni kwenye chumba cha mahindi, hata kama aliyeuleta ameandika vinginevyo.

Kwa miaka mingi programu nyingi za kompyuta duniani zilifanya kazi kama karani asiyejua kuuliza. Zilipokea furushi la mafaili kutoka nje, zikasoma anwani iliyoandikwa juu ya kila faili, kisha zikalipeleka faili hilo mahali palipoandikwa, hata kama mahali hapo palikuwa nje kabisa ya chumba kilichotengwa.

Juni 5, mwaka 2018, kampuni ya usalama wa programu iitwayo Snyk ilitangaza kuwa imeikuta kasoro hiyo katika maelfu ya programu, zikiwamo za makampuni makubwa kama HP na Amazon. Kampuni hiyo iliipa kasoro jina la Zip Slip. Miongoni mwa programu zilizokutwa nayo ni Apache Ant, chombo ambacho mafundi wa kompyuta hukitumia kujengea programu nyingine.

Kwa mkulima wa kahawa au mwenye duka la pembejeo, habari hii inaweza kuonekana kuwa ya mbali na isiyomhusu. Hata hivyo, fedha anazolipwa kwa simu, hesabu za SACCOS anayowekeza na orodha ya bidhaa kwenye kompyuta ya dukani, vyote vinategemea programu. Na kila programu imejengwa mahali fulani, na mtu fulani, kwa vyombo vya aina hiyo.

Swali la kujiuliza hapa ni hili: ikiwa kinga dhidi ya kasoro hiyo ni mistari michache tu ya maandishi, kwa nini ilikosekana kwa miaka mingi? Jibu lake linahusu uchumi kuliko linavyohusu kompyuta, na mwanaushirika yeyote aliyewahi kuona mali ya wote ikikosa mtu wa kuitunza atalielewa bila taabu.

Programu husagwa kama unga

Fundi wa programu haanzi kwa kutengeneza kile kinachoonekana kwenye simu au kompyuta. Huanza kwa kuandika maelekezo katika lugha ambayo binadamu aliyesomea kazi hiyo anaweza kuisoma. Maelekezo hayo ni kama mahindi yaliyotoka shambani. Chakula kimo ndani yake, lakini bado hayajawa unga.

Ili yatumike ni lazima yapite mashineni. Hutafsiriwa katika lugha ya mashine, huunganishwa na sehemu zilizoandikwa na watu wengine, hupimwa, kisha hufungashwa tayari kwa kusambazwa. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi, pengine mara kadhaa kwa siku, na fundi akiifanya kwa mkono atachoka na kukosea. Ndiyo maana kuna vyombo vya ujenzi, yaani programu ambazo kazi yake ni kuendesha hatua hizo zote kwa mpangilio.

Ant ni mojawapo ya vyombo hivyo. Kilibuniwa na James Duncan Davidson alipokuwa katika kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, na toleo la kwanza la kujitegemea lilitoka Julai mwaka 2000. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "chombo kingine kizuri", lakini pia ni jina la sisimizi kwa Kiingereza, mdudu mdogo anayebeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake.

Sifa hiyo Ant imeistahili. Kwa miaka mingi ilikuwa chombo kikuu cha kujengea programu zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Hata programu za simu za Android zilijengwa kwa Ant katika miaka ya mwanzo, kabla ya chombo kingine kiitwacho Gradle kuchukua nafasi hiyo katika miaka ya 2010.

Jambo la pili la kuzingatia ni kuwa Ant haiuzwi. Iko chini ya Apache Software Foundation, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na watu wanaojitolea. Yeyote anaweza kuichukua, kuitumia na hata kuibadilisha bila kulipa hata senti moja.

Anwani inayorudi nyuma

Ili kuelewa kasoro yenyewe, ni vema kujua jinsi kompyuta inavyotunza vitu. Ndani ya kompyuta mna folda, na ndani ya folda mna folda nyingine, kama vyumba ndani ya jengo. Kila faili lina anwani inayoonyesha njia ya kulifikia. Anwani ya "ghala/mahindi/gunia1" humaanisha kuingia ghalani, kisha chumba cha mahindi, na humo kulikuta gunia la kwanza. Alama ya mkwaju ndiyo inayotenganisha chumba kimoja na kingine.

Tangu zamani kompyuta zina desturi nyingine. Nukta mbili zikiandikwa mahali pa jina la chumba, maana yake ni "rudi nyuma chumba kimoja". Desturi hiyo ni halali na ina manufaa, kwani humwezesha fundi kutaja chumba cha jirani bila kuandika anwani nzima.

Tatizo huanza pale nukta hizo zinapoandikwa juu ya mzigo unaotoka kwa mtu asiyejulikana. Mafaili mengi yanapotumwa pamoja, hubanwa na kufungwa katika furushi moja, na la aina ya zip ndilo linalofahamika zaidi. Ndani ya furushi kila faili huwa na jina lake, na jina hilo linaweza kubeba njia ya vyumba.

Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza furushi ambalo faili mojawapo halikuitwa "gunia1", bali "../../ofisi/daftari". Programu inayofungua furushi hilo imeambiwa iweke kila kitu ndani ya chumba cha mahindi. Inachukua anwani ya chumba cha mahindi na kuiunganisha na jina lililoandikwa kwenye faili. Nukta mbili za kwanza zinaitoa ndani ya chumba, za pili zinaitoa nje ya ghala, na maneno yanayofuata yanaiingiza ofisini. Faili la mgeni linawekwa juu ya daftari la ofisi, na daftari la zamani linatoweka.

Likiwa daftari tu, hasara ni kupotea kwa kumbukumbu. Lakini ikiwa kilichofunikwa ni programu ambayo kompyuta huiendesha yenyewe kila siku, hasara ni kubwa zaidi. Kesho yake kompyuta itaendesha maelekezo ya mwizi ikidhani ni ya mwenye mali. Hapo hakuna nywila iliyoibwa wala kufuli lililovunjwa.

Ni haki kusema pia kuwa shambulio la namna hii lina masharti yake. Mwizi ni lazima afanikiwe kulifikisha furushi lake mahali litakapofunguliwa, na programu inayolifungua iwe na ruhusa ya kuandika katika folda anayoilenga. Masharti hayo yakikosekana, nukta mbili hazina madhara. Yakitimia, kinachobaki kuzuia ni ule uchunguzi wa mlangoni.

Kwa nini mashine ya kusagia

Uzito wa kasoro unategemea inakaa wapi. Sumu ikiingia katika gunia moja la mahindi, familia moja iko hatarini. Sumu hiyo hiyo ikiingia katika mashine ya kusagia ya mji, kila anayenunua unga siku hiyo yuko hatarini, na mwenye mashine anaweza asijue lolote.

Chombo cha ujenzi ni mashine ya kusagia. Katika kazi ya kila siku, ujenzi wa programu huhitaji kuleta mafurushi ya sehemu zilizotengenezwa na wengine na kuyafungua. Ant ina amri maalumu za kazi hiyo, na kabla ya Juni 2018 amri hizo ziliyafuata majina yaliyoandikwa kwenye mafurushi, hata yale yaliyotoka nje ya folda iliyokusudiwa.

Dunia ilipata mfano wa hatari ya mashine ya ujenzi iliyochafuliwa mwishoni mwa mwaka 2020. Ilibainika kuwa wadukuzi walikuwa wameingia katika mfumo wa ujenzi wa kampuni ya SolarWinds ya Marekani na kupachika maelekezo yao katika programu ambayo kampuni hiyo iliwasambazia wateja. Wateja wapatao 18,000 walipokea toleo hilo wakiamini ni marekebisho ya kawaida, na miongoni mwao zilikuwamo idara za serikali ya Marekani.

Wadukuzi hao hawakutumia Zip Slip wala Ant. Mfano wao unaonyesha jambo moja tu, nalo ni kwamba anayeishika mashine ya ujenzi hahitaji tena kuwafuata wateja mmoja mmoja. Wateja humfuata wenyewe, tena wakiwa na imani.

Mistari michache iliyokosekana

Dawa ya kasoro hii haihitaji mtaji mkubwa. Baada ya kuunganisha anwani ya chumba na jina la faili, programu inapaswa kuikokotoa anwani ya mwisho, nukta zote zikiwa zimekwisha kutatuliwa, kisha ijiulize kama anwani hiyo bado iko ndani ya chumba kilichotengwa. Ikiwa ndiyo, faili liwekwe. Ikiwa siyo, likataliwe. Katika lugha nyingi za kompyuta kazi hiyo ni mistari miwili au mitatu.

Hata mistari hiyo michache ina mtego wake. Baadhi ya mafundi hulinganisha herufi za mwanzo tu. Chumba kilichotengwa kikiitwa "mahindi", karani wa namna hiyo ataruhusu mzigo unaokwenda chumba cha jirani kiitwacho "mahindi-ya-mbegu", kwa kuwa majina yote mawili yanaanza na neno moja. Mbegu zikachanganyika na mahindi ya kula, huku karani akiapa kuwa alikagua. Uchunguzi sahihi ni lazima uhakikishe jina la chumba limeishia pale linapopaswa kuishia.

Wasimamizi wa Ant walitoa marekebisho Juni mwaka 2018 katika matoleo ya 1.9.12 na 1.10.4. Kuanzia hapo Ant hukataa yenyewe kuliweka faili nje ya folda iliyotajwa. Fundi mwenye sababu ya msingi ya kutaka utaratibu wa zamani anaweza kuupata, lakini ni lazima aandike waziwazi kuwa anautaka.

Aidha, haukupita muda ikabainika kuwa kulikuwa na upenyo uliosalia. Jina lenye nukta nyingi kupita kiasi, za kurudi nyuma hadi kuuvuka hata mlango mkuu wa kompyuta, liliweza kuuchanganya uchunguzi huo katika hali fulani. Upenyo huo ulizibwa katika matoleo yaliyofuata, 1.9.13 na 1.10.5, mwaka huo huo. Ant haikuwa peke yake. Maktaba iitwayo plexus-archiver, ambayo hutumika katika chombo kingine cha ujenzi kiitwacho Maven, nayo ilirekebishwa mwaka huo katika toleo la 3.6.0.

Kwa nini kasoro moja ilisambaa hivyo? Snyk ilieleza kuwa hali ilikuwa mbaya zaidi upande wa Java kwa sababu lugha hiyo haikuwa na njia moja rasmi ya kufungua furushi zima kwa mpigo. Kila fundi alijiandikia yake, na wengi walinakili mifano iliyokuwa ikizunguka miongoni mwa mafundi. Mifano hiyo ilifanya kazi, lakini haikuwa na uchunguzi wa anwani. Ni sawa na wakulima wa kijiji kizima kugawana mbegu kutoka ghala moja bila mtu kuipima. Mbegu huota, na ugonjwa nao huota pamoja nayo.

Nani alipe gharama

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Kuandika mistari mitatu ya uchunguzi ni gharama ndogo, lakini ni gharama ya mtu mmoja, leo, na hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Faida yake ni kubwa, lakini imegawanyika kwa watu wengi wasiojulikana, kesho, na haionekani, kwa kuwa faida yenyewe ni kutotokea kwa jambo baya. Mahali popote ambapo gharama ni ya mmoja na faida ni ya wote, kazi huwa inachelewa.

Wakulima wanaotumia mfereji mmoja wa umwagiliaji wanaufahamu mtihani huo. Kila mmoja anataka maji, na wachache hujitokeza siku ya kuzibua. Ndiyo maana vijiji vyenye mifereji hujiwekea zamu na faini. Bila utaratibu huo, mwenye shamba la mwisho hukosa maji ingawa hakuna aliyekusudia kumnyima.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa lugha nyingine ya kompyuta, Python. Kasoro ya aina hii katika sehemu yake ya kufungulia mafurushi ya aina ya tar iliripotiwa mwaka 2007. Uamuzi uliofikiwa wakati huo ulikuwa ni kuweka onyo katika kitabu cha maelekezo, kwamba mtumiaji asifungue furushi kutoka chanzo asichokiamini. Programu yenyewe iliachwa ilivyokuwa.

Onyo ni kama bango lililobandikwa ukutani. Mwenye haraka halisomi. Septemba mwaka 2022, miaka 15 baadaye, kampuni ya Trellix iliiibua upya kasoro hiyo na kukadiria kuwa miradi zaidi ya 350,000 ilikuwa katika hatari. Kampuni hiyo iliandaa marekebisho kwa ajili ya miradi zaidi ya 61,000. Python yenyewe ilianza kuwaonya mafundi waziwazi katika toleo la 3.12 la Oktoba 2023, na ni katika toleo la 3.14 la Oktoba 2025 ndipo kinga ilipoanza kufanya kazi yenyewe bila kuombwa.

Tangu taarifa ya kwanza hadi kinga kuwa jambo la kawaida, ilipita miaka 18. Kucheleweshwa huko hakukutokana na uvivu peke yake. Ukibadilisha jinsi chombo kinavyofanya kazi, wapo watu ambao kazi yao itakwama kesho asubuhi, na hao watalalamika kwa sauti. Wale watakaookolewa hawajijui, hivyo hawana sauti. Kwa hiyo kulinda mazoea kulionekana rahisi kuliko kuwalinda watu.

Suala la uwajibikaji nalo lina uzito. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani uliowekewa sheria nchini Tanzania mwaka 2005, mwendesha ghala huwajibika kwa mzigo alioupokea. Leseni ya Ant inasema kinyume chake: chombo kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Masharti hayo ni ya haki, kwani huwezi kumdai fidia mtu aliyekupa kitu bure. Lakini maana yake ni kuwa dhamana inamwangukia anayekichukua chombo hicho, akajenga nacho bidhaa na kuiuza.

Umoja wa Ulaya umekwisha kulitambua jambo hilo. Sheria yake ya usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyopitishwa mwaka 2024, inawataka wanaouza bidhaa hizo katika soko lake kushughulikia kasoro za usalama, na wajibu mkubwa utaanza kutekelezwa Desemba 2027. Sheria hiyo inamlenga anayefanya biashara, si mtu anayejitolea kuandika programu bila kuiuza.

Hadi kwenye kompyuta ya dukani

Yapo mazingira ambayo mfanyabiashara mdogo hukutana na kasoro hii moja kwa moja, bila kupitia kwa fundi yeyote. Programu ya WinRAR, inayotumika kufungulia mafurushi, ni ya zamani na wenyewe husema ina watumiaji zaidi ya milioni 500 duniani.

Februari mwaka 2019 kampuni ya Check Point ya Israeli ilitangaza kuwa WinRAR ilikuwa na kasoro ya anwani iliyodumu kwa takriban miaka 19. Ilikuwa katika sehemu ndogo ya kufungulia mafurushi ya aina ya ACE, ambayo haikuwa imeguswa tangu mwaka 2005 na ambayo wenye WinRAR hawakuwa na maandishi yake ya asili. Waliamua kuiondoa kabisa sehemu hiyo.

Kasoro nyingine ya jamii hiyo hiyo ilikutwa Julai mwaka 2025 na watafiti wa kampuni ya ESET. Safari hii wahalifu walikuwa wamewahi kuitumia kabla haijazibwa. Walituma mafurushi yaliyojifanya kuwa maombi ya kazi kwa makampuni ya Ulaya na Kanada. Mpokeaji alipofungua, aliona wasifu wa mwombaji kazi, huku faili jingine likijipenyeza katika folda ya programu zinazoanza zenyewe kompyuta inapowashwa. Toleo la 7.13 la Julai 30, mwaka 2025, liliziba upenyo huo.

Tatizo ni kuwa WinRAR haijisasishi yenyewe. Mwenye nakala iliyowekwa na fundi miaka kumi iliyopita bado anayo ile ile, na kasoro zake zote mbili. Marekebisho yapo na hayahitaji safari ndefu, lakini hayawezi kumfikia asiyeyafuata.

Mambo ya kufanya

Chama cha ushirika, SACCOS au duka halihitaji kuajiri mtaalamu wa usalama ili kupunguza hatari hii. La kwanza ni kusasisha programu. Kompyuta inapoomba kuwekewa marekebisho, isiahirishwe kila siku. Programu ya kufungulia mafurushi ikaguliwe toleo lake, na kama haitumiki tena iondolewe.

La pili ni mafurushi ya wageni. Ankara, orodha ya bei au hati ya zabuni ikija kama furushi lililobanwa kutoka kwa mtu asiyejulikana, apigiwe simu kwanza kwa namba inayofahamika, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe. Mteja wa kweli hachukizwi na swali.

La tatu ni ruhusa. Kompyuta ya karani isitumiwe kwa akaunti ya msimamizi mkuu katika kazi za kila siku. Faili la mwizi haliwezi kuandikwa mahali ambapo anayelifungua hana ruhusa ya kuandika. Hatua hiyo haina gharama yoyote, na huzuia mengi zaidi ya Zip Slip.

La nne ni nakala za akiba. Daftari la wanachama na hesabu za mazao ziwe na nakala katika kifaa kinachotunzwa mbali na kompyuta, na nakala hiyo ijaribiwe mara kwa mara kuona kama inafunguka.

La tano, ambalo wengi hulisahau, ni mkataba. Vyama vingi hulipa fundi wa kutengeneza programu mara moja, kisha huachana naye. Hakuna anayenunua trekta bila kutenga fedha za mafuta na vipuri. Mkataba wa programu nao uwe na kifungu kinachosema ni nani atakayefuatilia kasoro zinazotangazwa katika vyombo na maktaba zilizotumika, atafanya hivyo kila baada ya muda gani, na atalipwa kiasi gani. Fundi atakayeulizwa "programu yetu imejengwa kwa chombo gani, toleo gani?" anapaswa kuwa na jibu la maandishi.

Kwa vijana wanaoandika programu za wakulima hapa Afrika Mashariki, funzo ni la moja kwa moja. Jina lolote lililoandikwa na mtu wa nje ni ombi, si amri. Mfano ulionakiliwa usomwe kabla ya kutumiwa, na kinga iwekwe iwe inafanya kazi tangu mwanzo, anayetaka kuiondoa ndiye aombe.

Makampuni na vyama vinavyonufaika na vyombo vya bure navyo vina wajibu. Kuripoti kasoro kwa utaratibu, kuwaruhusu mafundi wao kurudisha marekebisho, au kuchangia fedha kidogo, ni sawa na kushiriki zamu ya kuzibua mfereji. Waliosimamia Ant walifanya sehemu yao mwaka 2018 bila kulipwa na watumiaji. Kilichobaki kilikuwa ni watumiaji kulichukua toleo jipya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kasoro hii ufa ni nukta mbili na mkwaju, na kuuziba ni mistari mitatu. Gharama ya ukuta hulipwa na chama chenye daftari la wanachama lililofutika katikati ya msimu wa malipo.